Mti Huu Una Sababu

Picha ilinifikia nikiwa kwenye cherehani, Mkomaindo, hapa Masasi, nashona pindo la joho la kwaya. Simu ikalia, ikalia tena, halafu ikawa hainyamazi. Nikaifungua kwa hasira, maana mimi nikiwa kwenye pindo sipendi kusemeshwa. Kumbe ni kundi letu la wanakwaya, mtu ametuma picha ya kibao cha mbao kilichopigiliwa kwenye mkorosho, maandishi ya rangi nyekundu: HATARI. MTI HUU UNA SABABU. Chini yake watu wazima, wenye familia zao, wamejaza vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja akauliza, "Jamani, aliyeandika hiki ni nani? Tumtafute tumpe soda."

Mimi nilimjua. Ni mama yangu mzazi, na mti ule ndio baba alifia chini yake.

Lakini sikuweza kuwakasirikia wanakwaya wenzangu, maana kucheka vibao ni kazi yetu wote huku. Karibu na nyumba ninayopanga kuna mashine ya kusaga, na mwenyewe ameandika ukutani: MKANDA HUU HAUNA NDUGU. Wageni wakikisoma wanaangua kicheko. Sisi wa hapa tunakusanya kanga zetu na kusogea pembeni, tumeelewa. Pale stendi kuna mama wa genge aliyechoshwa na wateja wa kupapasa, akaandika kwenye kipande cha boksi: USIMINYE PARACHICHI KAMA HUNA NIA. Kwenye njia ya Lisekese kuna makaburi, na mtu mmoja kaweka kibao hapo: USICHUNGE MBUZI HAPA. WENYEWE WAPO. Toba! Tangu nikisome hicho, mimi hata mguu siweki, na mbuzi sina.

Nina maelezo yangu juu ya jambo hili, na sijaomba mtu akubaliane nami. Kiswahili tumekikuta shuleni, kanisani, msikitini na sokoni. Nyumbani mtu anaongea Kimakonde chake, au Kimakua, au Kiyao. Kwa hiyo tukikamata brashi kuandika onyo, tunaandika vile tunavyomwambia mtu uso kwa uso. Amri tupu inatutia aibu. Kibao kitasomwa na mzee mwenye mvi, mtu wa kumwamkia shikamoo, sasa wewe utamwambiaje "usifanye" halafu unyamaze? Lazima umpe na neno la pili, aondoke nalo.

Baba yangu alikuwa bingwa wa hilo neno la pili. Alizaliwa Lulindi, katika familia ya kanisa tangu enzi za misheni, akafundisha dini maisha yake yote, na rangi ikibaki popote alikuwa anaombwa aandike kibao. Nakumbuka cha ukuta wa kanisa moja dogo: USIEGEMEE UKUTA HUU. NAO UMECHOKA. Alipomwoa mama akahamia kwao, uwandani juu karibu na Newala, na shambani kwetu akaweka kibao alichokipenda kuliko vyote: KULA BIBO, ACHA KOROSHO. ASANTE KWA KUTUELEWA TANGU ZAMANI. Ndivyo desturi ilivyo kule: mpita njia akishikwa na kiu ana ruhusa ya kuchuma bibo la mtu na kulila, ila ile korosho anaichomoa na kuiacha chini ya mti. Watu walisoma, wakala, wakaacha korosho, wakafika mpaka barazani kusema asante.

Njia inapita katikati ya shamba letu. Zamani ilikuwa njia ya miguu, na kwenye njia ya miguu mtu hapiti kimya. Ukifika usawa wa nyumba unaita hodi, unaulizwa umetoka wapi, unakwenda wapi, kule ulikotoka wanaendeleaje, na unajibu yote kabla hujaongeza hatua. Mtu akiwa na haraka anasema ana haraka, halafu anajibu vilevile. Mimi utotoni iliniudhi sana, maana kutumwa chumvi kulikuwa safari ya nusu siku.

Pikipiki zilipokuja, salamu ikawa honi. Piii, vumbi, basi. Baba hakulalamika, alisema honi nayo ni salamu, ila haina masikio.

Alifariki mwaka juzi, msimu wa mabibo. Asubuhi alitoka kwenda kufagia chini ya mikorosho. Mchana mama akampelekea chakula, akamkuta ameketi chini ya mkorosho ulio kando ya njia, ameegemea shina, kofia mkononi, amekwisha kuwa wa baridi. Asubuhi nzima pikipiki zilikuwa zimepita pale, kwenda na kurudi. Kila aliyepita alimwona mzee amepumzika.

Basi, tukazika, tukakaa matanga, watu wakatawanyika. Mimi nikarudi Masasi kwenye cherehani yangu. Mdogo wangu wa kiume, tuko wawili tu, akarudi Dar es Salaam ofisini kwake. Mama akabaki na shamba, na kopo la rangi nyekundu ambalo baba alikuwa hajalimaliza.

Siku ile ya picha, hata sijakunja lile joho, mdogo wangu akapiga simu. Huyu ana sauti ya mtu wa ofisini hata akiomba chumvi. "Dada, umeona? Mama amechanganyikiwa."

"Kibao kimoja tu?"

"Siyo kimoja. Nimetumiwa vingine. Kimoja kinasema kuna mbwa mkali, amelala. Dada, yule mbwa alikufa kabla ya baba! Mimi Jumamosi nakuja na gari, tunamhamishia kwako. Shamba tutalikodisha."

"Kwangu? Umeniuliza?"

"Si wewe ndiye wa kike?"

Damu ikanichemka. Nikamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, nikakata simu, halafu nikakaa nikiogopa. Kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa vilevile. Kuna mama mmoja jirani yangu alianza hivihivi, kwa maneno ya ajabuajabu, na sasa wanamfungia mlango ili asipotee. Kesho yake nikapanda gari la Newala nikaone mwenyewe kabla huyo bwana mkubwa hajafika na pikapu yake.

Nilishushwa barabarani, nikaingia njia ya shambani kwa miguu na begi langu kichwani. Kibao cha kwanza kilinipokea mbali kabisa: USIPITE HAPA BILA KUSEMA UNAKOKWENDA. Mbele kidogo: SHIMO. SI HAPA, LIKO MBELE. Nikatembea naangalia chini kama mwizi wa kuku, shimo sikuliona. Kikafuata: NYUKI HUENDA WAPO. ULIZA NYUMBANI. Kisha yule mbwa: MBWA MKALI. KWA SASA AMELALA. PIGA HODI TARATIBU. Roho ikaniuma, huku tumbo linatikisika kwa kicheko. Ukweli wa Mungu, nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

Kwenye mkorosho wenyewe sikucheka. Pale chini palikuwa pamefagiliwa vizuri, na kibao kiko usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye pikipiki.

Mama nilimkuta anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umekonda. Au ni hiyo nguo?" Basi nikaanza uchunguzi wangu kijinga kabisa. Nikamuuliza leo ni siku gani. Akanijibu. Nikamuuliza mjomba wake mkubwa alioa wapi. Akanijibu, akaniambia na nani alikataa ile ndoa na kwa nini. Nikamuuliza sasa hivi ni mwezi gani. Akaweka kisu chini.

"Umetumwa na ndugu yako?"

"Hapana, mama."

"Ninyi mnadhani nimerukwa na akili. Haya, niulize na mbili mara mbili, halafu ukateke maji."

Nikaishiwa pozi. Nikachukua ndoo.

Nilikaa naye siku zilizobaki kabla ya Jumamosi, na nyumba ile haikunyamaza. Asubuhi tu pikipiki inapunguza mwendo, inazimwa, mtu anaita. "Hodi! Bibi, hilo shimo liko wapi?" Mama anajibu kutoka jikoni, "Karibu, kaa kwanza, unywe maji." Na maji kule juu siyo kitu cha kumwagia watu, yanapandishwa kwa madumu kutoka bondeni. Mtu anakunywa, anaulizwa anatoka wapi, mtoto aliyekuwa na homa anaendeleaje, dada yake yule bado yupo kwa mumewe. Mpaka ainuke, habari ya shimo ameisahau. Mwingine anakuja kuulizia nyuki. Akaja mwalimu kijana, mgeni pale, akabishana na mama kuhusu mbwa kwa muda mrefu, mpaka akaondoka na kisamvu kwenye kifuniko. Mama alikuwa na habari za vijiji vyote vya njia ile kuliko redio.

Kila mtu, siku yake ya kwanza au ya pili kusimama pale, aliuliza pia kuhusu mti. Mama aliwaambia palepale, bila kuficha: "Mume wangu alikaa hapo asubuhi akafariki. Wewe siku ile ulipita?" Wengine walikuwa hawakupita. Wengine walisema walipita, walimkuta amelala usingizi, kofia mkononi. Mama aliitikia kwa kichwa, akawaongezea maji.

Mmoja tu hakuuliza. Mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza kuota mvi, kazi yake kubeba madumu ya maji kwa pikipiki. Huyu alisimama kila siku, akamwekea mama dumu lake mlangoni, akasema shikamoo, akakataa kukaa, akaondoka. Kwenye mti alipita ameangalia upande wa pili. Nikamwambia mama huyu mtu ana kiburi. Akasema, "Mwache."

Siku moja kabla ya Jumamosi, tukiwa jikoni tunachambua mbaazi, nikamwambia wazi. Nikamwambia Jumamosi ndugu yangu anakuja na gari, na kwamba nimeona anapata watu wa kuongea nao na nimefurahi, lakini mti je? Kwa nini anajitesa na ule mti?

Mama hakuacha kuchambua. "Waliomwona amelala, wamemwona amekwisha kufa," akasema. "Nataka aliyemwona mzima. Asubuhi ile kuna mtu alimwona mzima. Mimi kila nikilala naona baba yenu anaita, anaita, na pikipiki zinapita hazisikii. Nataka mtu aniambie kama aliita."

"Si ungeuliza tu, mama. Ungesimama msibani ukauliza."

"Mjane asimame msibani aulize nani alikuwa wa mwisho na mume wake?" Akanitazama kama siku nilipomwuliza mwezi. "Wewe umekaa mjini mpaka umesahau watu. Wangesema natafuta mchawi. Kila mtu angekana, na pengine mtu asiye na kosa angehamishwa kijiji. Sikutaka mtu aogope. Nilitaka aje mwenyewe aulize. Kibao hakimtaji mtu."

Nikaweka mbaazi chini. Nilimpigia mdogo wangu palepale, nikamweleza yote, nikamsihi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa hilo nampa haki yake. Halafu akasema, "Dada, hayo ni mambo ya msiba. Ndiyo maana nataka atoke hapo. Siku moja na yeye ataanguka, na pikipiki zitapita." Alikuwa anasema kwa uchungu, siyo kwa ubishi. Msibani hakulia hata kidogo, alikuwa anashughulikia viti.

Jumamosi pikapu ikaja mapema. Nilitegemea vita. Nilikuwa nimejiandaa kusimama upande wa mama na kumpa huyo kijana maneno yake. Kumbe mama amekwisha kuoga, amefunga kitenge chake cha kanisani, amekalia begi lake barazani. Nikamvuta pembeni. "Mama, sema hutaki!" Akasema mtoto wa kiume amekuja na gari kutoka mbali vile, akirudi nalo tupu, majirani watasema mama yake hamwamini. Tukapakia godoro, masufuria, na ile meza ndogo ya baba. Mdogo wangu akafunga kamba. Mama akapanda mbele, akaniambia nifunge dirisha la jikoni, paka asiingie.

Tulikwenda polepole, mama anasoma vibao vyake kimoja kimoja kupitia kioo. Mimi nilikaa nyuma na godoro, nalia waziwazi, sina haya.

Tulipofika kwenye mkorosho, yule wa madumu alikuwa anatokea upande wa pili. Njia ni nyembamba, gari na pikipiki yenye madumu havipishani. Akazima. Akaangalia godoro, akaniangalia mimi, akamwangalia mama.

"Shikamoo, bibi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda Masasi."

"Utarudi lini?"

Mdogo wangu akatoa kichwa dirishani. "Anahama, kaka. Tupishe, jua linapanda."

Hakupisha. Alivua helmeti, akaishika kwa mikono yote miwili. "Bibi," akasema, "kuna kitu sijawahi kukuuliza. Huu mti una sababu gani?"

Mama akafungua mlango akashuka. Akasimama mbele yake, mfupi, kitenge cha kanisani kinaburuza vumbi. "Wewe unaijua."

"Naijua. Nilipita asubuhi ile. Nilikuwa na abiria ana haraka. Mzee alikuwa amekaa hapo. Nikapiga honi, nikapita. Niliporudi na maji nikakuta watu wamejaa, wanalia. Nikaogopa, bibi. Nilisema nikijitokeza kuwa mimi nilimwona, watasema..."

"Aliita?"

"Nani?"

"Mume wangu. Ulipopita, alikuwa anaita?"

"Hapana, bibi. Hakuita. Nilipopiga honi aliinua mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Alikuwa ameshika bibo, amekwisha kulimega. Akaniinulia hivi." Yule bwana akainua helmeti yake mpaka usawa wa kichwa. "Kama mtu anayekaribisha. Alikuwa anatafuna, bibi. Mdomo umejaa. Anacheka."

Mama akashika bodi ya gari. Nikaruka chini kumdaka, nikidhani anaanguka, kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, anapiga bati la gari kwa kiganja. "Anakula!" akaniambia, kana kwamba mimi sikusikia. "Mwanangu, baba yako alikuwa anakula!"

Nikasikia kamba zinafunguliwa nyuma yangu. Mdogo wangu alikuwa ameshuka, anashusha godoro peke yake, analivuta vibaya, linafagia vumbi lote la njia, na mabega yanamtikisika. Hakuna aliyemwambia ashushe. Nikataka kumsaidia, akanipungia niache.

Mama alikaa pale chini penye shina, akamwonyesha yule bwana akae mbele yake. Akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Sasa anza upya," akamwambia. "Usiruke kitu. Ulikuwa unatokea wapi?"

Akaanza upya, safari hii taratibu, kuanzia nyumbani kwake. Akataja abiria, akataja vumbi, akataja honi, na baba akainua mkono tena.